Mwalimu Reino Takkinen na Somo Aliloliogopa

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka mbali kwenye barabara hizi za barafu, asanteni kwa kufika. Marehemu angekuwepo mlangoni leo asingewasalimu kwanza. Angewauliza kama mmebadilisha matairi, nani ataendesha wakati wa kurudi, na kama kuna blanketi garini. Mwenye majibu amjibu kimoyomoyo, maana tunamjua, hatalala mpaka ajibiwe.

Reino Takkinen alizaliwa tarehe 14 Novemba 1937 hapa hapa Korpi, kaskazini mwa Wisconsin, katika nyumba ya magogo iliyokuwa ufukweni mwa Ziwa Spruce. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Onni Takkinen, mkata magogo, na Mama Hilja, ambao wote wawili walikuja kutoka Finland wakiwa vijana. Alitanguliwa na kaka yake Arvo, aliyezaliwa mwaka 1933. Mama Hilja alipenda kusimulia kwamba Arvo alizaliwa akipiga kelele, na Reino alizaliwa akisikiliza kama kuna jambo limeharibika.

Siku yake ya kwanza ya shule, Reino alitoka nyumbani, akafika barabarani, kisha akakumbuka jiko. Je, mlango wa jiko ulifungwa? Alirudi mbio kuangalia, huku basi la shule likishuka kilima. Arvo, aliyekuwa na miaka kumi, alikwenda kusimama katikati ya barabara mbele ya basi, mikono kiunoni. Dereva akampigia honi, akamtukana kwa Kifini na kwa Kiingereza. Arvo hakusogea mpaka mdogo wake alipopanda. Mlango wa jiko, kwa taarifa yenu, ulikuwa umefungwa.

Marehemu alisoma Shule ya Msingi ya Korpi, kisha sekondari aliyomaliza mwaka 1955. Alijiunga na chuo cha ualimu mjini Superior na kuhitimu mwaka 1959. Wenzake wa chuo walimkumbuka kama kijana aliyefika kwenye mtihani wake wa kwanza siku moja kabla, akakuta ukumbi una watu wanaofunga ndoa. Alikaa kiti cha nyuma, akala keki, kesho yake akarudi kufanya mtihani. Alifaulu vizuri, na bado alimwandikia mwalimu wake kuuliza kama hapakuwa na makosa katika usahihishaji.

Tarehe 6 Juni 1964 alifunga ndoa na Bi. Bernadine Wojtasik, muuguzi wa zahanati, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka upande wa kusini wa wilaya. Yeye ni Mkatoliki na marehemu alikuwa Mlutheri, kwa hiyo alipata sababu nyingi za kukosa usingizi kabla ya harusi. Alimposa Bi. Bernadine, akakubaliwa. Wiki iliyofuata akamuuliza kama ana hakika. Baada ya wiki mbili akamuuliza tena.

"Reino," Bi. Bernadine akamwambia, "mimi nimeshakubali. Sasa unataka nikatae ndipo utulie?"

Walijaliwa watoto wawili, Marlys, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, na Keith. Watoto hao walikua wakikaguliwa glavu, kofia na soksi kila asubuhi, hata Mei. Hawakuwahi kuugua kwa baridi, bali waliugua kwa aibu.

Tukumbushe pia habari ya ufukwe, kwa sababu yaliyotokea baadaye yalitokana nayo. Baada ya Mzee Onni kufariki, Mama Hilja aliuza ile nyumba ya ziwani kwa daktari wa meno kutoka Chicago. Hii ilikuwa mwaka 1968. Aliuza nyumba, bustani na gati. Kitu kimoja hakukiuza, nacho ni chumba cha mvuke, sauna aliyoijenga marehemu mumewe kwa mikono yake ukingoni mwa maji. Ndani ya hati ya mauzo aliandikisha kwamba yeye, wanawe na vizazi vyao watakuwa na haki ya kupita kwenye ile ardhi na kutumia sauna hiyo daima. Daktari akacheka, akaweka sahihi. Basi kila Jumamosi jioni, kiangazi na kipupwe, Arvo na Reino walipita katikati ya nyasi za yule daktari wakiwa na taulo mabegani, mbele ya wageni wake waliokuwa wakinywa divai. Mtoto wa daktari aliporithi mahali pale alijaribu kuzungusha uzio. Arvo alikwenda mahakamani na ile hati, na uzio ukang'olewa. Mwezi mzima Arvo alimsimulia kila aliyekutana naye: Mama aliweka sahihi, yule naye akaweka sahihi, habari imekwisha.

Kazi ya marehemu ilikuwa moja maisha yake yote. Alifundisha darasa la nne katika Shule ya Msingi ya Korpi tangu Septemba 1959 hadi alipostaafu Juni 1999. Wengi mlioketi humu aliwafundisha kugawanya, na wengine aliwafundisha nyinyi, kisha watoto wenu, na bado hakuwa na uhakika kama mmeelewa. Alikuwa akiwahesabu wanafunzi wakati wa kupanda basi, wakati wa kushuka, na mara nyingine katikati ya wimbo.

Kama mnavyojua, katika jimbo letu yapo mambo ambayo mwalimu wa shule ya umma hachagui kuyafundisha. Sheria imeshamchagulia. Marehemu aliyafuata yote kwa uaminifu wa mtu anayeamini kwamba kuna afisa amesimama nyuma ya mlango. Sheria ilitaka watoto wafundishwe faida za maziwa na siagi kwa afya ya binadamu, naye alifundisha, na watoto wakanywa maziwa mbele ya picha ya ng'ombe. Ilitaka wafundishwe kutunza misitu na maji, akawapeleka kupanda misonobari. Katika miaka yote hiyo hakuna mzazi aliyepiga simu kulalamika kuhusu maziwa.

Kisha, mwaka 1989, bunge la jimbo likaongeza jambo jingine. Kuanzia Septemba 1991 kila shule ya umma ilitakiwa kufundisha historia, utamaduni na mamlaka ya mataifa ya Wahindi Wekundu yaliyomo katika jimbo. Kwetu sisi hao si watu wa kwenye vitabu. Ni Waojibwe, majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Na mwaka ule hapakuwa na jambo la hatari zaidi la kuzungumzia Korpi.

Wakubwa mnakumbuka, lakini vijana hawakuwepo. Katika mikataba ya mwaka 1837 na 1842 Waojibwe waliiachia serikali ardhi hii yote ya kaskazini, wakabaki na haki ya kuwinda na kuvua humo. Haki hiyo ilipuuzwa kwa muda mrefu mpaka mwaka 1983, mahakama iliposema kwamba bado ipo. Kuanzia hapo, kila masika barafu inapoondoka, walikuja na boti, taa na mikuki kuvua wolai, samaki yule wa macho ya kioo ambaye wageni husafiri toka Chicago na Milwaukee kumfuata. Na kila masika umati ulikusanyika kwenye magati kuwazomea. Mawe yalirushwa. Maneno yalisemwa ambayo hatuwezi kuyasoma kanisani. Arvo alikuwa na vibanda vya kupangisha wavuvi, na wageni walikuwa wameanza kupungua. Hakuwa mrushaji wa mawe, ila sauti yake ilifika ng'ambo.

Huyo ndiye aliyekuwa kaka yake mwalimu ambaye sheria ilimtaka awaeleze watoto wa Korpi kwa nini Waojibwe wana haki ya kuvua.

Marehemu aliogopa. Tunalisema wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Aliogopa wazazi, aliogopa bodi ya shule, aliogopa matairi yake kutobolewa, lakini zaidi aliogopa Jumamosi jioni kwenye benchi la sauna, Arvo akiwa kando yake na ndoo ya maji katikati yao, na hakuna la kusema. Septemba ilipofika alisema somo litakuwa baada ya msimu wa kuwinda paa. Paa wakaisha, akasema baada ya Krismasi. Mkuu wa shule, Bw. Gerald Strehlow, alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Mwalimu Takkinen, sheria inasema tufundishe. Haikusema tupaze sauti. Wasomee ukurasa mmoja, waambie wachore mtumbwi, twende zetu."

"Na wakiuliza maswali?"

"Wana miaka kumi. Watauliza kama wanaweza kwenda chooni."

Marehemu alirudi nyumbani akamweleza mkewe. Bi. Bernadine alikuwa akikunja nguo. Alimwambia kwamba yeye kama muuguzi hawezi kumpa mgonjwa nusu ya chanjo kwa sababu mgonjwa analia. Marehemu hakulala, lakini asubuhi alimpigia simu Bi. Delphine Cadreau, mwalimu wa shule ya Waojibwe, akamwomba aje kuzungumza na darasa.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni mtu wa hapa tu angeweza kulifanya. Alipanga siku kwa kufuata barafu. Alijua kwamba barafu ikishaondoka, watu wote watakuwa gatini na mioyo itachemka, kwa hiyo somo lazima liwe kabla. Hakuna mtu Korpi aliyeijua barafu ya Spruce kama yeye, maana aliipima kwa hofu tangu utotoni. Alitoboa, akapima, akaangalia upepo, akapiga hesabu zake, akasema ziwa litashika mpaka karibu na mwisho wa Aprili. Akapanga somo katikati ya mwezi, akatulia kidogo. Mvua ya vuguvugu ikanyesha siku mbili mfululizo, ikifuatwa na upepo wa kusini, na Jumapili asubuhi tukaamka ziwa limefunguka lote. Wiki ya somo ikawa ndiyo wiki ya mikuki.

Jumanne Arvo alikuja nyumbani. Hakukaa.

"Nasikia unamleta yule mama shuleni."

"Sheria, kaka."

"Sheria! Sheria ilikuambia wiki hii?"

"Nilidhani barafu itashika."

Arvo alimtazama, na kwa muda kidogo ilionekana kama atacheka. "Wewe Reino! Miaka yote unatusumbua na barafu, leo ndiyo umekosea?" Kisha uso ukabadilika. "Ahirisha. Mimi sikuombi kitu, hujawahi kuniona nikikuomba kitu. Leo nakuomba."

 Bi. Bernadine anasema marehemu alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Mwishowe alisema kwamba ameshaahirisha mara nyingi mno, na kwamba akiahirisha tena hatalifundisha kamwe, anajijua. Arvo akatoka bila kufunga mlango.

Alhamisi, Bi. Delphine alifika na mkoba na mfuko wa mpunga wa ziwani. Walikutana kwenye korido.

"Mwalimu, mbona unatetemeka? Mimi ndiye niliyerushiwa mawe juzi."

"Natetemeka kwa niaba yetu sote, Bi. Delphine."

"Basi tetemeka vizuri, na mimi nipumzike."

Nje, kando ya uzio wa shule, pikapu zilikuwa zimeegeshwa na akina baba wamesimama kimya, mikono mifukoni. Arvo alikuwa katikati yao. Watoto walikuwa wakichungulia dirishani, kila mmoja akimtafuta wa kwao, na hakuna aliyekuwa akisikiliza. Marehemu aliweka chaki chini, akatoka nje. Baadaye alisimulia kwamba alipokuwa akivuka ule uwanja hakuwa na mpango wowote kichwani, alichokuwa anawaza ni kutoanguka.

"Kaka," alisema alipofika kwenye uzio, "ni baridi. Ingia ndani."

"Nije kufanya nini?"

"Kusikiliza. Shule ni ya umma."

Wale wengine wakacheka. "Nenda, Arvo! Nenda ukafundishwe kusoma!" Arvo angeweza kuondoka, lakini kuondoka mbele yao kungeonekana ni woga, na hilo ni jambo asilolijua. Akaingia. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa cha mtoto, akakikalia, magoti yakamfika kidevuni.

Bi. Delphine aliwaeleza watoto habari za babu wa babu yake, aliyekuwepo mkataba ulipowekwa sahihi. Aliwaonyesha ramani. Alisema walitoa ardhi yote mnayoiona, na msitu wote ambao babu zenu walikuja kuukata, lakini wakasema: tutavua, tutawinda, tutavuna mpunga wetu majini. Na ikaandikwa.

"Watu wanasema tumepewa samaki," alisema. "Hatukupewa. Tulibaki nao."

"Hiyo ni miaka mia na hamsini iliyopita!" Arvo akadakia.

"Kaka," akasema marehemu, "inua mkono."

Darasa zima liliangua kicheko. Arvo akawa mwekundu mpaka masikioni, kisha, Mungu ambariki, akainua mkono.

"Haya, nimeinua. Mtu akishauza, ameuza. Huwezi kuniuzia ng'ombe halafu kila asubuhi uje na ndoo kukamua."

"Inategemea," akasema Bi. Delphine, "tuliandikiana nini kuhusu maziwa."

Watoto wakageuka kumtazama Arvo. Arvo akamtazama mdogo wake. Na marehemu, ambaye angeweza kuishia hapo, ambaye kengele ilikuwa karibu na ukurasa wake mmoja ulikuwa umeshasomwa, alisema kwa sauti nyembamba ambayo wa nyuma hawakuisikia vizuri:

"Kaka, Jumamosi huwa unapita kwenye nyasi za nani?"

 Mtoto mmoja akajibu kwa furaha ya kujua jibu: "Za daktari wa meno!"

"Na nani alimuuzia?"

Arvo alijibu chini chini. "Mama."

"Sasa kwa nini unapita?"

"Kwa sababu iliandikwa," alisema Arvo. Alisema taratibu, na kila mtu mle ndani aliona kwamba naye ameyasikia maneno yake mwenyewe. Akainuka. Kile kiti kidogo kiliinuka naye kikamng'ang'ania kiunoni, ikabidi akivue kwa mikono miwili, na hakuna mtoto aliyethubutu kucheka. Mlangoni akageuka.

"Umemtaja Mama mbele za watu," alisema.

Jumamosi ile marehemu aliwasha moto wa sauna, akangoja, akarudi nyumbani peke yake. Alimwambia mkewe, "Nilikuwa sahihi, na nimempoteza." Alikaa jikoni na koti lake mwilini mpaka chakula kikapoa.

Baadhi ya wazazi waliwahamisha watoto. Bodi ya shule iliitisha kikao, na mtu mmoja akasimama kutaka Mwalimu Takkinen asiongezewe mkataba. Bw. Strehlow, tumpe haki yake, alisimama akaisoma ile sheria kwa sauti, neno kwa neno, kisha akakaa. Kikao kikaishia hapo. Marehemu aliendelea kulifundisha somo lile kila mwaka mpaka alipostaafu, na Bi. Delphine alikuja kila mwaka. Ila alilihamishia Oktoba, ili, kama alivyosema, woga usimkae mwaka mzima. Haikusaidia, maana alianza kuogopa tangu Julai.

Arvo hakurudi kwenye sauna. Korpi ni ndogo, kwa hiyo walikutana posta, dukani, na humu kanisani, Arvo upande ule na Reino upande huu. Penye haja Arvo alisema kupitia kwa Bi. Bernadine. "Shemeji, mwambie mumeo tairi lake la nyuma halina upepo." Na mumewe akiwa amesimama pale pale, akasikia, akajibu, "Mwambie asante." Iliwachekesha wageni. Nyumbani kwetu haikuchekesha.

Marehemu hakuacha kumwogopea kaka yake. Kila kipupwe Arvo aliburuta kibanda chake cha kuvulia samaki kupitia tundu la barafu, chenye jiko la kuni ndani, hadi katikati ya ziwa, na kila asubuhi marehemu alisimama dirishani na darubini mpaka aone moshi. Hakumwambia mtu, lakini darubini ilikuwa haiondoki pale dirishani. Mwaka mmoja tuligundua kwamba kibanda cha Arvo kimehama. Samaki walikuwa upande wa pili wa ziwa, wavuvi wote walikuwa huko, na Arvo peke yake alikuwa ameweka kibanda chake upande wetu, mahali ambapo hapakuwa na samaki wa maana, mbele ya dirisha. Kibanda kilikaa pale kila kipupwe kuanzia hapo. Asubuhi moja ya Machi, baada ya Reino kustaafu, moshi haukuonekana. Akavaa viatu, akatembea juu ya barafu ambayo angemkataza mtu mwingine yeyote kuikanyaga, akafungua mlango.

"Umefuata nini?" aliuliza Arvo.

"Moshi. Sijauona."

"Kuni zimeisha."

"Basi," alisema marehemu, akarudi. Alitetemeka mpaka jioni, na kesho yake alfajiri akapeleka kuni kwa sledi ya kuburuta kwenye theluji, akaziacha nje ya mlango wa kibanda.

Mwaka 2014 madaktari walimweleza kwamba ana maradhi ya Parkinson. Bi. Delphine alipokuja kumtazama alimwambia, "Sasa mwenzangu unatetemeka kwa cheti cha daktari," na marehemu akacheka mpaka mkewe akaja kuangalia kuna nini. Mwili ulidhoofika kidogo kidogo. Januari mwaka huu wa 2017 alipata homa ya mapafu, akalazwa, kisha akaomba arudishwe nyumbani.

Kitandani aliendelea na wasiwasi wake. Kila mwalimu aliyekuja kumjulia hali aliulizwa kama lile somo bado linafundishwa, na nani, na kama mtu wa Waojibwe huitwa aje mwenyewe au watoto wanachoreshwa mtumbwi. Waliposema ndiyo, linafundishwa, aliwatazama machoni kuona kama wanasema kweli. Hatujui kama aliridhika. Siku moja alimwambia Marlys jambo ambalo tunaliweka hapa kwa sababu alitaka lijulikane. Watu walimwita shujaa kwa ajili ya lile somo, alisema, na si kweli. "Bila ile sheria ningenyamaza. Nilimjua Bi. Delphine miaka mingi, nilijua ukweli miaka mingi, nikanyamaza. Ilibidi wanilazimishe." Marlys alimwambia kwamba wengine walilazimishwa pia na bado wakachoresha mtumbwi. 

Jumatatu tarehe 6 Februari, Arvo aliingia bila kubisha hodi, theluji ikiwa hadi magotini. Marehemu alifumbua macho.

"Umekuja na gari? Barabara mbaya."

"Nimekuja kwa miguu."

"Juu ya ziwa?"

"Juu ya ziwa. Usianze. Nimetoboa njia nzima, nene kama ukuta."

Arvo alivuta kiti, akakaa. Bi. Bernadine alileta kahawa na mkate wa iliki, akataka kuondoka, Arvo akamwambia, "Kaa, shemeji, hatutapigana." Wakanywa kahawa. Kisha Arvo akasema:

"Bado sikubali."

"Najua."

"Samaki wamepungua."

"Wamehesabiwa, kaka. Hawajapun—"

"Reino! Nimekuambia usianze." Akazungusha kikombe. "Mama usingemtaja."

"Sikuwa na mfano mwingine."

"Ulikuwa mfano mzuri," alisema Arvo. "Ndiyo maana sikurudi."

Tangu hapo hakuondoka. Alilala kwenye kochi, viatu vikiwa mlangoni, na kila marehemu alipoamka na kuuliza kama jiko limefungwa, Arvo ndiye aliyeinuka kwenda kuangalia, akarudi na kumwambia limefungwa. Reino Takkinen alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Februari 2017, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Familia inawashukuru wauguzi wa wilaya, mchungaji wetu, akina mama wa kanisa ambao wameandaa kahawa na supu ukumbi wa chini, na Bi. Delphine Cadreau na ndugu zake waliovuka ziwa kuja kukaa nasi. Mchele wa ziwani ulio kwenye supu ni wao.

Marehemu ameacha mke, Bi. Bernadine, watoto wawili, Marlys na Keith, wajukuu wanne, na wanafunzi wa miaka arobaini, ambao tafadhali waendeshe pole pole wakirudi. Ameacha pia kaka mmoja, Bw. Arvo Takkinen. Tulipokuwa tukiandika wasifu huu, Bw. Arvo alituomba mambo mawili: iandikwe kwamba hadi leo hakubaliani na mdogo wake, na yeye apewe kubeba jeneza upande wa kichwa. Tumekubali yote mawili.

Bwana ampe pumziko lisilo na wasiwasi.